Ratiba Niliyoiandikia Bahari

Nimekuwa mzee wa kanisa hapa Voi kwa miaka mingi, na mara nyingi nimesimama mbele ya watu nikawaonya juu ya wivu. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza kama naujua. Mwaka huu nimeujua, na uliniingia kwa sababu ya mashua ndogo ya makasia.

Mashua ni ya mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili. Ni mzaliwa wa Kilifi na fundi wa mbao. Walipotutembelea Krismasi, nilimweleza jambo nililolitamani tangu nikiwa kazini reli. Mto wetu wa Voi ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, lakini wenye kujua husema mvua ikizidi, maji yake hushuka mpaka kwenye hori la Kilifi, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Nilitaka, Mungu akinijalia, niingie kutoka upande wa bahari na kupanda mpaka pale maji ya chumvi yanapokutana na maji ya mto. Mkwe wangu alitazama chini, kama afanyavyo kila nikisema naye. "Tutaenda, Baba," akasema. "Mashua inachukua watu watatu."

Mtu wa tatu nilimchagua mwenyewe. Ni rafiki yangu niliyefanya naye kazi reli, mtu wa ziwani aliyehamishiwa Voi angali kijana na hakurudi kwao tena. Yeye alishika kasia kabla ya kushika kalamu. Mimi ni mtu wa Sagalla. Maji makubwa niliyowahi kuvuka yalinifika magotini. Nilimwalika kwa moyo mweupe kabisa.

Kule reli kazi yangu ilikuwa kupanga treni, ipi ingoje wapi ili nyingine ipite. Basi nilichukua karatasi kubwa nikapiga mistari kwa rula. Mkwe alikuwa amenitajia wakati mmoja tu: Jumamosi tuliyoichagua, maji yangejaa saa sita mchana. Nikaanzia hapo. Saa tatu tunaondoka, maji yanayoingia yakitusukuma. Saa sita tuko juu, tunakula, tunaomba. Saa saba maji yanatoka na kuturudisha. Nilimwonyesha rafiki yangu baada ya ibada.

"Omera," akasema, akiniita ndugu kwa lugha ya kwao, "hii bahari umeiajiri lini?"

"Iko kwenye majaribio," nikamjibu. Tulicheka mpaka mchungaji akatugeukia.

Baadaye kanisa likatutuma wazee tukawatembelee wenzetu wa Kishushe, Jumamosi hiyo hiyo, na kwa barabara ile mbovu, hiyo ni safari ya siku nzima. Nikaisogeza safari ya Kilifi mbele kwa wiki moja. Nilifuta tarehe nikaandika nyingine, saa nikaziacha zilivyo. Nikampigia mkwe na kumsomea yote. Akasema, "Sawa, Baba."

Kuanzia hapo simu zikaanza, ila hazikuwa zangu. Siku moja nilikuwa kwa rafiki yangu tukinywa chai, simu yake ikalia. Akainuka, akaenda kusimama kwenye ua. Nilimsikia akicheka, na sauti ya upande wa pili nayo ikicheka.

"Ni nani?" nikamuuliza aliporudi.

"Mkwe wako. Ananisalimia tu."

Wiki hiyo alisalimiwa mara tatu. Mkwe wangu, ambaye kwangu hazidishi maneno matano, alikuwa na vicheko vya kumpa mtu mwingine. Nilianza kupiga hesabu ya viti. Wapiga makasia ni wawili, na mimi ni mzigo. Nikaamini kwamba wanatafuta namna ya kuniacha ufukoni na kwenda bila mimi, katika safari niliyoiomba mimi, na mmoja wao kijana niliyempa binti yangu.

Mke wangu aliniona ninavyosukuma sahani. "Huo ni wivu wa mke mwenza," akasema.

"Nimwonee wivu mwanamume mwenzangu kwa lipi?"

"Sijui. Wewe ndiye umeacha kula."

Nilimwombea rafiki yangu, kama ninavyofundisha wengine kufanya, na katikati ya sala nikagundua kwamba ninamshtaki.

Siku mbili kabla ya safari nilikwenda kwake asubuhi. Sikukaa. "Kama mna mpango wenu wawili," nikasema, "niambieni. Nitabaki nyumbani."

Aliweka kikombe chini. "Afadhali umekuja," akasema. "Kijana ameniomba wiki nzima nikuambie jambo, nami kila siku nashindwa. Saa zako si sahihi. Maji hayaji saa ile ile kila siku. Leo yakija saa hii, kesho yanachelewa karibu saa nzima. Wiki ikipita yamegeuka. Jumamosi hii saa sita mchana ndipo yatakapokuwa yametoka kabisa. Tungekwama kwenye tope katikati ya mikoko mpaka jioni."

"Na wewe ulijua?"

"Mimi nijulie wapi? Ziwani kwetu maji hayaendi popote. Ameniambia yeye."

"Kwa nini asiniambie mimi?"

"Amkosoe baba mkwe? Wewe wako ulimkosoa?"

Sikuwahi. Baba wa mke wangu, kule Makwasinyi, aliniambia nipande mahindi mahali nilipojua tembo hupita. Nilisema, "Sawa, Baba," nikapanda, nao tembo wakala.

Ningepaswa kufurahi kwamba walikuwa wakinistahi. Lakini wivu haukutoka. Ulipata sababu ya kweli. Mimi nilipewa heshima, na mwenzangu alipewa ukweli. Nilikwenda nyumbani nikapiga simu.

"Mwanangu," nikasema, "nimesikia kuhusu saa. Sasa nipangie wewe, nami nikikosea unikatize."

"Siwezi kukukatiza, Baba."

"Ndani ya mashua wewe ndiye mkubwa. Nakuomba."

 Akasema, polepole, kwamba Jumamosi hii haifai, tungoje ile inayofuata, maji yatakuwa yamerudi kujaa karibu na saa sita.

"Basi ratiba yangu itakuwa sawa," nikasema. "Tunaondoka saa tatu."

"Hapana, Baba." Nilimsikia akivuta pumzi. "Saa nne. Kule juu maji huchelewa kujaa kuliko mdomoni mwa hori. Tukiwahi mno tutakuta tope."

"Endelea."

"Na viatu vya kanisani usivae."

Nilicheka, naye akacheka. Tuliongea mpaka simu yangu ikaisha chaji.

Asubuhi yake rafiki yangu alipita langoni. Alikuwa amejaribu kumpigia kijana jana yake, akakuta simu inatumika. "Amesema nini?" akauliza.

Nilimkaribisha ndani, nikamvutia kiti, nikamwambia nitamweleza tukimaliza chai. Kisha nikajimiminia kikombe cha pili.