Mchanga wa Kwao Nzioka

Nzioka alikuwa na domo, tusifichane. Kila lori likimwaga mchanga pale mjengoni Muthangari, Nairobi, aliuchota, akausugua kiganjani na kusonya: huu ni udongo, jamani, mchanga uko kwetu Ukambani. Aliusifu wee, mpaka tajiri wake Bhavesh, mwenye mjengo, akaamuru usiletwe mwingine. Nzioka, msimamizi wa mafundi, akatembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja Wambua, jirani yao wa kijijini, akampigia simu. Mto wa kwao hupitisha maji mvua ikinyesha tu. Kiangazi watu hufukua mchangani, wakateka maji. Mama yake Nzioka alikuwa amefukua mpaka mwamba na maji hakuna, kwa sababu mchanga wote umebebwa. Wambua alisema hayo kwa ukali, akakata simu.

Mbona anikasirikie mimi? Nzioka akachanganyikiwa, maskini. Kaunti si ilipiga marufuku uchimbaji wa mchanga? Akapanga mawe kombo, akayabomoa, akayapanga kombo tena. Lori lililokuwa njiani alijua linatoka wapi, ila moyo ulikataa kujua. Akilirudisha, mafundi hawana kazi, na ni yeye aliyeutaka mchanga huo. Akilipokea, mama atakunywa nini?

Lori likafika. Dereva alikuwa Musili, mtu wa kijiji kilekile. Nzioka akasimama langoni, akamwambia hamwagi hapa, arudi na wizi wake. Musili hakupandisha sauti. Aliuliza tu ni wizi gani.

"Njia ya mtoni inapita shambani kwenu," akasema. "Mama yako mwenyewe ndiye aliyeng'oa ua wa shamba tupite."

Uongo mtupu! Nzioka akampigia mama simu papo hapo. Mama hakukana. Aliambiwa mchanga ni wa Nzioka, wa nyumba anayojenga Nairobi, angewakatalia vipi? Majirani walipokuja juu, ni yeye aliyewatuliza.

"Kwani haujatosha, mwanangu?" akauliza. "Huku kwetu umeisha. Lakini kwa kina Wambua umebaki kidogo. Nitakwenda kuwapigia magoti."

Nzioka alishikilia simu sikioni. Nyuma yake mafundi walikuwa wanauliza kama lori linaingia.