Benchi Lililoelekea Barabara

Oguttu alikuwa mtu wa kula nje. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaosimulia kisa chake kana kwamba alikuwa mtu asiyejali, na wengi wao hawajawahi kumwona hata akinywa chai. Mimi nimemlisha miaka tisa hapa Tororo, kwenye bekari yangu, kwa hiyo acheni niseme mimi.

Kwao ni Busia, upande wa Uganda, Msamia wa kweli. Anauza vipuri vya baiskeli na pikipiki, na kila Jumanne na Ijumaa alikuwa akija Tororo na gunia la minyororo na breki, akawazungukia mafundi wake, halafu akatafuta pa kula. Wengine wakisafiri hufunga viazi kwenye mfuko wa plastiki. Oguttu alisema mtu anayebeba chakula anautukana mji anakokwenda. Alimjua mama wa Busia ya Kenya anayekanda chapati kwa maziwa, akamjua na yule wa Mukuju anayepika katogo, ndizi na matumbo chungu kimoja, alfajiri bila hata chembe ya mchanga. Akiketi mezani alinusa chai kwanza. Akinusa akanyamaza, mwenye hoteli alipumua.

Kwangu alikula hafukeki mbili, zile keki ngumu za kukaanga, na chai ya maziwa, akisoma gazeti, na hakuondoka hata siku moja bila kutafuta kasoro.

“Dada Damalie, hii ya leo umekaanga ama umeogesha?”

Mimi nilimjibu kwamba kelele zote hizo ni za mwanamume asiye na mke. Naye mke alikuwa naye, Prossy, msichana wa Kijapadhola kutoka Kisoko, na kila mara ilikuwa lazima nifunge hafukeki nne kwenye lile gazeti ampelekee. Tulitaniana hivyo miaka yote.

Sasa niseme habari ya wakwe, kwa msomaji asiye wa kwetu. Kwa Wasamia na kwa Wajapadhola pia, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na zaidi ya yote hawaonani wakila. Mama akifungua mdomo kupokea tonge, macho ya mkwe wake hayapaswi kuwa karibu. Si chuki. Kadiri unavyompenda ndivyo unavyokaa mbali. Siku moja mume wa binti yangu aliingia bekari bila kujua kama nimo, nikakimbilia nyuma ya tanuri na andazi mdomoni, nikajibanza huko kwenye moshi mpaka akaondoka. Nilicheka jioni nzima. Wakati ule mambo haya yalikuwa bado yananichekesha.

Mama yake Prossy aliitwa Abbo, mjane, mkulima wa wimbi huko Kisoko, mwenye ugonjwa wa sukari mwaka wa sita. Mwezi wa pili Prossy alijifungua kwa kupasuliwa, Abbo akaenda Busia kumwona mjukuu. Alilala kwa jirani, kwa Joanita, maana mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Siku yake ya kliniki hapa Tororo ilipofika, Prossy alikuwa hawezi hata kuinama. Oguttu akasema atampeleka yeye.

Alifurahi, na jambo hili ndilo linaloniumiza. Miaka kumi ya ndoa alikuwa ametoa ng'ombe wa mahari, ametuma sabuni, blanketi na bati za kuezekea jiko, lakini hakuwahi kumlisha yule mama sahani moja ya chakula. Kila akienda Kisoko ni yeye aliyepikiwa, akala peke yake katika nyumba ya shemeji. Ijumaa ya kabla yake alinieleza mpango wote. Mama angepimwa, halafu angekula mlo ambao hajawahi kuuonja mjini. Aliniuliza kama kwa Omoding, hoteli iliyo ng'ambo ya barabara kutoka kwangu, bado wanasaga karanga wenyewe. Nikamwambia bado wanasaga.

Walikuja Jumanne asubuhi, mama kiti cha mbele karibu na dereva, mkwe kiti cha mwisho kabisa. Hospitalini Oguttu alibaki langoni. Abbo hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake, kwa kuwa ndivyo wanavyotaka kwa kipimo. Wakamtoa damu, akajichoma sindano yake ya kushusha sukari, na muuguzi akamwambia kwa Kidhopadhola, lugha yake mwenyewe, kwamba sasa ale, nusu saa isipite. Muuguzi ndiye aliyetueleza baadaye. Alisema mama aliitikia vizuri na akarudia maneno yale kuonyesha ameyaelewa.

Basi Abbo akatoka nje. Oguttu akamuuliza kwa mbali, macho chini, kama wamemaliza. Akasema wamemaliza. Angeongeza maneno matatu tu. Lakini mama mkwe atamwambiaje mkwe wake habari za sindano ya mwilini, na atamwombaje chakula? Mama anayemwomba mkwe chakula husemwa mpaka wajukuu wake wanaoa. Akamfuata hatua kumi nyuma, kama ilivyo desturi.

Palikuwa na hoteli pale pale langoni. Oguttu akaipita, chai yao inanuka moshi. Akaipita ya pili kwa sababu ya walevi, na ya tatu kwa sababu viti vyake havina migongo, naye hakutaka mama akae kama mtu wa kungoja basi. Alipita na ya nne, hiyo hata yeye hakumbuki kwa nini. Yule mama akawa anatembea nyuma yake, njaa tumboni na dawa mwilini, akiipita milango yote hiyo.

Kwa Omoding alimchagulia meza ya dirishani, yenye kitambaa cheupe, iliyo nzuri kuliko zote. Akaagiza kalo, ule ugali wa wimbi, na samaki wa kukaushwa kwenye mchuzi wa karanga, na mboga, na chai isiyo na sukari hata punje. Hilo la sukari alimwambia mhudumu, msichana anayeitwa Emma, mara mbili. Halafu akatoka haraka kabla chakula hakijaletwa, akavuka barabara, akaja kwangu.

Ndani kwangu hamna pa kukaa. Kuna tanuri, meza ya kuuzia na mimi. Wateja hukaa nje, kwenye benchi lililotazama barabara. Nililiweka hivyo makusudi, maana mtu anayekula akionekana huwaita wenzake. Oguttu akaketi. Dirisha la Omoding lilikuwa mbele yake sawasawa, kwa hiyo akafungua gazeti na kuliinua mpaka juu ya kichwa.

“Dada, mimi leo nasoma gazeti mpaka kwisha,” akaniambia. “Mama anakula pale.”

Alivyolitamka hilo neno anakula! Nilimpa hafukeki zake, na siku hiyo hakutafuta kasoro.

Mimi nilikuwa nimesimama, na gazeti halikunizuia kuona. Nikaona sahani inaletwa. Nikaona Abbo ananawa, anafanya ishara ya msalaba, anamega kalo, anachovya, anainua tonge. Kisha akainua na macho. Mbele yake palikuwa na miguu ya mkwe wake, gazeti, na vidole vyake vinane vikishika kingo. Akarudisha tonge sahanini.

Akangoja. Gazeti lina kurasa, na kila ukurasa ukifunuliwa uso wa Oguttu ulitokea kidogo, halafu ukajificha tena. Aliniambia baadaye kwamba kila alipofunua alifumba macho. Naamini, ndivyo alivyo. Lakini yule mama angejuaje? Kila alipojaribu kumega, ukurasa uligeuka, na mkono wake ukarudi.

Nilielewa. Mimi ni wa watu hawa hawa, sikuhitaji kuelezwa. Nilidhani ataomba ahamishwe meza, kisha nikakumbuka kwamba meza amechaguliwa na mkwe, na kuikataa ni kumkataa yeye. Nikasema moyoni nimwambie Oguttu ageuke. Nimwambieje? Nimwambie kwamba nimesimama hapa namhesabia mama mkwe wake matonge? Angeaibika mpaka asikanyage tena kwangu. Nikasema acha amalize hafukeki ya pili, atainuka mwenyewe. Habari ya sindano sikuijua. Hilo nimemwambia padri kitubioni mara tatu, na mara zote tatu nimerudi nyumbani na mzigo ule ule.

Akaja mama mmoja wa Kwapa kuagiza keki ya kipaimara ya mwanawe. Alitaka njiwa juu yake, halafu hakutaka njiwa, akataka msalaba. Tulibishana juu ya njiwa huyo. Nilipotazama tena, Abbo alikuwa ameifunika sahani kwa sahani nyingine, vizuri, kama mtu anayemwekea chakula mgeni anayechelewa, na amelaza kichwa kwenye kitambaa cheupe. Nikadhani amechoka na safari.

Oguttu alikuwa amemaliza kurasa za michezo, sasa yuko kwenye matangazo ya vifo.

Emma akatoka mbio mpaka katikati ya barabara, akauliza mwenye huyu mama ako wapi. Gazeti likashuka. Oguttu alivuka bila kuangalia magari, akafika mlangoni kwa Omoding, na hapo akasimama. Mama mkwe alikuwa ameanguka chini ya meza, gomesi, lile vazi lake refu, imempanda magotini. Oguttu akamgeuzia mgongo. Alisimama pale mlangoni, mgongo ndani na uso nje, akiita bodaboda, akiita gari, akiita watu, machozi yakimtiririka, na hakugeuka. Tuliomnyanyua ni mimi na Emma.

Nilikuwa natoka kunyunyizia keki. Nilimshika yule mama kwa mikono iliyojaa sukari mpaka kwenye viwiko. Laiti ningempaka midomoni, waliniambia hospitalini, laiti ningemwekea hata kidole kimoja kwenye ufizi. Lakini kwetu sote sukari ilikuwa adui yake. Nakumbuka nilijifuta kwenye aproni kwanza, nisimdhuru.

Walimtundikia maji ya sukari, lakini alikuwa amekwenda mbali. Alikufa Alhamisi bila kuamka, tukamzika Kisoko Jumamosi. Oguttu alikaa nyuma ya nyumba pamoja na wakwe wengine, mbali na jeneza, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nangoja ndugu za Prossy wamshike shati. Ningefurahi, kwa kweli, na nadhani hata yeye. Badala yake kaka mkubwa, Okumu, alisimama mbele ya watu akamshukuru. Alisema mama yao ameondoka akiwa amepewa heshima yake yote, na kwamba mkwe kama huyo siku hizi hapatikani. Watu wakaitikia. Nilimtazama Oguttu wakati anasifiwa, na sijawahi kuona mtu akipigwa vile.

Bado anakuja Jumanne na Ijumaa. Siku hizi hubeba viazi viwili kwenye mfuko wa plastiki, na sijawahi kumwona akivila. Kwa Omoding hapiti, anazunguka kwa nyuma, kwenye karakana. Kwangu hufika mara moja moja kuchukua hafukeki za Prossy, akiwa amesimama. Siku moja nilimpa zilizoungua makusudi, nyeusi kabisa, nikangoja. Alizitia mfukoni akasema ni sawa tu, dada. Nililia alipoondoka, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mwezi uliopita aliniuliza. Alikuwa anatazama tanuri, si mimi.

“Dada, siku ile wewe ulikuwa unaona?”

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia nilikuwa naona.

“Tangu mwanzo?”

“Tangu tonge la kwanza.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei aliyoitarajia. Akasema, “Na mimi nilikuwa nimefumba macho.” Akachukua hafukeki zake akaenda.

Kile ambacho hakuniuliza, nami sikumwambia, ni habari ya benchi. Kesho yake baada ya mazishi niliamua kuligeuza litazame ukuta. Nilimwita kijana wa duka la jirani anisaidie, akachelewa, nikaona nijaribu peke yangu. Nililigeuza kwa mkono mmoja. Mkono wa pili nilikuwa nimebeba sinia la mikate, na hata mkate mmoja haukuanguka.