Chumvi Niliyompelekea Baba

Enzi zetu kule kambini, chumvi haikuwa huu unga mweupe unaomiminika kama mchanga mkavu. Ilikuwa ya mawe, punje kubwa kama mahindi, na mwenye duka aliipima kwa kikopo akaifunga kwenye gazeti kuukuu. Masika yakiingia ilianza kutoa maji, gazeti likaloa, na mama akaihamishia kwenye kifuu juu ya dari ya jikoni ili moshi uikaushe. Chumvi ya kwetu ilinukia kuni, na mpaka leo nikipita penye moshi wa kuni mate hunijaa mdomoni.

Mliokulia mashamba ya mkonge upande wa Korogwe mtanielewa. Tulitoka shule miguu ikiwa myeupe kwa vumbi, jembe begani kwa sababu ilikuwa siku ya kilimo, na hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Kila mmoja wetu alikuwa ameficha mfukoni punje za chumvi alizoziiba kwao. Tuliangua maembe mabichi, tukayaponda juu ya jiwe pamoja na chumvi na pilipili kichaa, tukala mpaka meno yakafa ganzi. Halafu tulicheza rede mpaka tusikie sauti za mama zetu zikituita kwa majina ya ukali, yale ya ubini. Hatukuwa na simu ya kututafuta. Sauti ya mama ilifika kila mahali, na haikuwahi kuishiwa chaji.

Chakula kilikuwa bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu. Au ugali wa dona kwa mboga ya mchunga, chungu kama dawa. Siku ya gulio tulipata papa na ng'onda kutoka Tanga, samaki waliokaushwa kwa chumvi mpaka wakawa wagumu kama ubao. Kipande kimoja cha papa kilitosha kuwalisha watu sita, kwa kuwa hukuweza kula kingi bila kumaliza mtungi wa maji.

Baba yangu alikuwa mkata mkonge, kama baba yake aliyekuja kutoka kusini kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Alirudi nyumbani mchana shati likiwa na mistari myeupe mgongoni, chumvi ya jasho lililokauka juu yake. Uji wake wa alfajiri mama aliutia chumvi ya kutosha. Wazee wa kambi walisema mkata mkonge asiyekula chumvi ataanguka kwenye mstari kabla jua halijafika utosini, na hawakusema uongo.

Mimi naitwa Mwanahawa, jina la mama yake baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo baba hakuwahi kuniita jina langu. Nikimwamkia, "Shikamoo baba," aliitikia, "Marahaba, mama." Neno hilo lilinivimbisha kichwa. Nilijiona kweli mimi ndiye mzazi wake, na kwamba akishiba au akilala njaa, hiyo ni juu yangu.

Nilipokuwa darasa la tano, shamba lilipunguza watu. Baba alibahatika kubaki, lakini walimtoa kwenye mstari wakamweka getini kwenye ghala, akalinde. Kazi ikawa kiti, fimbo, na kivuli cha bati. Sote tulishukuru. Mama naye akaendelea kupika kama alivyopika siku zote, chumvi ile ile, papa yule yule.

Haikupita muda mrefu, baba akaanza kuamka na kichwa kinachomgonga kisogoni. Akisimama ghafla alishika ukuta. Akasema ni uchovu wa kukaa, maana yeye alizoea kutembea. Siku moja wenzake walimkuta ameketi chini kando ya kiti chake, anawatazama bila kuwajibu. Wakampeleka hospitali, na huko ndiko tulikosikia kwa mara ya kwanza kwamba baba ana presha.

Nesi aliyempima alikuwa mama wa makamo, mkali kidogo, lakini alieleza vizuri. Alimwambia mama kwamba chumvi si sumu na mwili unaihitaji, ila kidogo tu. Baba alipokuwa anakata mkonge juani, jasho lilikuwa likiitoa. Sasa amekaa kivulini, haitoki tena kama zamani, inavuta maji mwilini, na damu inasukumwa kwa nguvu kuliko mishipa inavyoweza kustahimili. Akampa baba vidonge. Akamwambia mama kwamba chumvi ya mtu mmoja kwa siku nzima, kwenye vyakula vyote, isizidi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na kwa baba ipungue hapo. Tena hiyo kidogo iwe ile ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto.

Hilo la madini joto mama alilielewa haraka. Kwao ni Vugiri, juu milimani, na bibi yetu mzaa mama aliishi na uvimbe shingoni mkubwa kama chungwa. Tukienda kumtembelea alitupikia maharage kwa kile alichokiita munyu, yaani chumvi kwa Kishambaa, akifunika shingo yake kwa kanga kwa sababu watoto tulikuwa tunakodoa macho. Mama alipoambiwa kwamba tezi ile hutokea mwili ukikosa madini yale, alijishika shingo. Siku hiyo hiyo chumvi ya mawe ilitoka nyumbani kwetu, ikaingia ya pakiti. Kuhusu kiasi, alitangaza kwamba hatapika vyungu viwili. Kama baba anakula chakula cha chumvi kidogo, sote tutakula hicho hicho.

Jamani, wiki zile za kwanza! Mama alikuwa hajui bado kupika bila chumvi nyingi. Kisamvu kilikuwa kama majani yaliyochemshwa kwa ajili ya mbuzi. Papa na ng'onda wakawa hadithi. Kaka yangu Shaban alisema chakula chetu kina ladha ya wodini, akapigwa kofi la mgongo, akala. Baba alikula matonge matatu, akanawa, akasema ameshiba. Nikamwona anakonda. Mashavu yaliingia ndani, na mkanda wa suruali aliutoboa tundu jingine kwa msumari.

Mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana getini nikitoka shule. Siku moja, kabla sijaondoka na bakuli lake, nilipanda juu ya kinu, nikachota chumvi kwenye kopo alimoiweka mama, nikaifunga kwenye karatasi ya daftari. Nilipofika nikampa baba bakuli, kisha ile karatasi. Aliifungua, akaitazama, akanitazama.

"Mama yako anajua?"

Nilimsogezea bakuli. Alikaa kidogo na ile karatasi kiganjani. Halafu akanyunyiza, akakoroga, akala mpaka akafuta bakuli kwa kidole. "Asante, mama," akaniambia. Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Hakuna zawadi niliyowahi kutoa iliyonifurahisha kama ile.

Kuanzia hapo nikawa napeleka kila siku. Baba akarudisha mwili. Mama alipoona bakuli linarudi tupu alifurahi sana, akawaambia majirani kwamba mzee ameshazoea. Alijitahidi hata zaidi. Alianza kukamulia ndimu, kuchoma nyanya kwenye makaa kabla ya kuziunga, kutwanga tangawizi aliyoletewa na ndugu zake kutoka milimani. Na kila alipojitahidi, mimi niliifuta kazi yake kwa karatasi ya daftari.

Tarehe ya kupima ilipofika nilikwenda nao, maana mdogo wangu alikuwa mchanga na mimi ndiye niliyembeba. Nesi alimfunga baba mkono, akapima, akapima tena. Kisha akamgeukia mama, mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi. Alimwambia wanawake wengine wanasikia kwa sikio hili na kutolea lile, na kwamba mume akianguka wasije kulia hapa. Mama aliinamisha kichwa. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba atapunguza tena. Baba alitazama viatu vyake. Mimi nilimkumbatia mtoto nikatamani alie ili nipate sababu ya kutoka nje.

Unaweza kudhani basi niliacha. Sikuacha. Niliogopa kwamba nikiacha baba atakonda tena, na niliogopa kwamba nikisema nitapigwa. Nikampelekea tena siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa ya mapumziko, baba yuko nyumbani, anakunywa chai mlangoni. Kikombe kikamponyoka. Alijaribu kukiokota na mkono wa kulia haukufika. Alipotaka kusema, maneno yalitoka yamepinda.

Majirani walimkimbiza hospitali, mama akafuatana nao. Aliporudi jioni kuchukua shuka, alisema daktari ameiita hali hiyo kiharusi kidogo, na kwamba baba anaongea, tena anaongea vizuri kuliko asubuhi. Nilimfuata chumbani. Nikamweleza yote, kuanzia siku ya kwanza, huku nimeshika mlango ili nikimbie.

Mama aliketi kitandani na shuka mapajani. Hakunyanyua mkono. Aliikunja shuka upya mpaka nikaachia mlango.

"Ulikuwa unamhurumia," akasema. "Na mimi nilikuwa namhurumia. Huruma zetu zimegombana, na aliyeumia ni yeye."

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Akanifuta uso kwa ncha ya ile shuka, akaniambia nimsindikize, nikamwamkie baba.

Baba alikuwa ameegemea mto, mdomo umelegea upande mmoja. Mama hakusema lolote kuhusu karatasi. Baba mwenyewe ndiye aliyeanza, taratibu, akiyatafuta maneno. Alimwambia mama kwamba siku ile kwenye benchi alimsikia akitukanwa kwa kosa lisilo lake, na akanyamaza. Kisha akasema, "Nilimtumia mtoto. Nisamehe, mama Shaban." Sijawahi kumsikia mwanaume wa kambini akimwomba mkewe msamaha mbele ya watoto, wala kabla ya siku ile wala miaka mingi baadaye.

Baba alipotoka hospitali, mama alinipa adhabu yangu. Kila jioni, badala ya rede, nitapika mimi, naye atakaa kwenye kigoda na kuniongoza. Chumvi atatia yeye mwenyewe, mwishoni, kwa kidole na kidole, na wote tuone. Nililaani adhabu ile mwezi mzima. Wenzangu wanacheza, mimi natwanga tangawizi. Lakini pale jikoni ndipo nilipojifunza kwamba ukiponda embe bichi kidogo ukatia kwenye maharage, ulimi hausubiri chumvi. Kwamba tui la kwanza likitiwa mwishoni, kisamvu kinajitosheleza. Kwamba kitunguu kina haraka ya kuungua na hakina haraka ya kuwa kitamu. Na taratibu, bila mmoja wetu kutambua ni lini hasa, chakula kikaanza kuwa kitamu. Hata Shaban aliomba nyongeza.

Mkono wa baba ulirudi, isipokuwa vidole viwili ambavyo mpaka leo ni vizito kufunga vifungo. Vidonge hakuviacha. Alinitoa mlangoni siku ya ndoa yangu, akawabeba wajukuu, na sasa ana miaka themanini na ushee, anaishi nami hapa Korogwe mjini. Kila akiitikia shikamoo yangu kwa lile neno lake, namshukuru Mungu, kisha namshukuru mama.

Vijana wetu ndio wanaonichosha. Juzi tulisimama Segera, binti yangu akanunua chipsi. Kabla hajaonja hata kimoja, alitikisa kile kichupa cha chumvi kama mtu anayefukuza nzi, akaongeza tomato, akaongeza soseji. Nikimwambia, ananionyesha simu. Alileta kutoka Dar pakiti ndogo ya chumvi ya rangi ya waridi, akasema hii ni ya afya, mama, kula tu unavyotaka. Nikavaa miwani nikaigeuza huku na huku nikitafuta neno madini joto. Halikuwemo. Nikamwambia bibi yake angeirudisha dukani, maana kupendeza ni kwa kitambaa, chumvi ni chumvi. Akacheka, akasema mimi ni wa zamani. Ni kweli.

Mama alitutangulia mwaka juzi. Siku ya arobaini yake ndugu walipika pilau, sufuria kubwa kubwa, kwa mkono wa watu wa shughuli ambao hawaogopi chumvi. Nilimwekea baba sahani kwa sababu siku ile sikuwa na nafasi ya kumpikia. Alichota, akatafuna, akaiweka sahani chini polepole. Nikauliza kama ni moto.

"Sikiwezi," akasema. "Kina chumvi." Akatazama kando kidogo. "Mama yenu ameutengeneza ulimi wangu, kisha ameniacha nao."

Nikaenda jikoni, nikamchemshia maharage. Enzi zetu tulikula alichoamua mama, tukanung'unika, tukaishi. Siku hizi dukani kuna chumvi za kila rangi na kila mtu anajichagulia, na vijana wa miaka thelathini ninakaa nao benchi moja tukisubiri kufungwa mkono na kupimwa presha. Nilimpelekea baba bakuli lake. Alikula pale pale katikati ya wageni, akamaliza, akanawa, akamwombea mama dua.