Dawa Isiyonuka

Nikisikia harufu ya salfa hata leo, hamu ya kwetu Kiranjeranje inanishika mpaka najishangaa. Salfa si marashi. Inachoma macho, inaganda kwenye kanga, ukinywa chai unaionja. Lakini ndiyo iliyotuamsha kila mikorosho ilipotoa maua. Mama alitoka baada ya swala ya alfajiri, mashine ya kupulizia mgongoni, maana unga ule hupulizwa upepo ukiwa umelala na majani yana umande, upate kushika. Usipopuliza, ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, unayapaka maua weupe, yanakauka, na msimu umekwenda.

Alirudi wa njano hadi kope. Tulimcheka, naye akacheka na kukohoa. Miaka ikapita, kicheko kikapungua, kikohozi kikabaki. Zahanati wakamkataza salfa.

"Na mikorosho watanipulizia wao?" aliuliza.

Wakati huo nilikuwa chuoni, nikijifunza kutengeneza dawa ya ukungu kwa majani ya mwarobaini. Unayachemsha, unachuja, unachanganya na maji yenye chumvi ya fedha, fedha hii ya pete na vikuku, na mchanganyiko unageuka rangi kama chai. Ndani yake zimo chembe za fedha ambazo jicho haliwezi kuziona. Niliomba ruhusa nikaijaribie kwetu, mstari mmoja tu wa mikorosho. Sifa sikuzitaka. Nilitaka mama apumue.

"Shikamoo mama. Dawa yenyewe ya fedha hii hapa."

"Marahaba, mwanangu." Akainusa. "Mbona hainuki? Au unataka kuivalisha mikorosho vikuku?"

Nilipuliza, nikamwomba mstari ule usiguswe na salfa, la sivyo nisingejua kipi kimefanya kazi. Akaitikia vizuri sana. Ningekuwa na akili, ningelala mlangoni kwake.

Siku chache baadaye, alfajiri, niliamshwa na harufu ileile. Nilimkuta kwenye mstari wangu, wa njano juu hadi chini, na mikorosho yote imepakwa. Nilipandwa na hasira, nikamwambia kazi yangu ameiharibu.

Alitaka kunijibu, kikohozi kikamzuia. Akashika tawi, akainama. Nilimvua mashine, nikamkalisha chini.

"Dawa haina harufu, mwanangu," alisema pumzi iliporudi. "Nikaona maua yatakufa, na walimu wako watakucheka. Sikutaka wakucheke."

Hasira iliniisha palepale, nikalia. Akanifuta machozi kwa kanga yake, salfa ikanichoma zaidi, tukacheka wote. Akaahidi kwamba mwakani atakaa barazani, atazame tu.

Mwaka uliofuata nilipuliza mstari uleule. Ubwiri haukwisha wote, ila maua mengi yalishika, na hewa ya asubuhi ilikuwa safi, unaivuta hadi chini ya kifua. Nilitazama barazani. Mama tulikuwa tumemzika kabla mikorosho haijatoa maua.