Kikohozi cha Koboko

Kabla ofisi yetu haijaletewa kompyuta kuukuu, kila asubuhi nilikuwa nikisalimiana kwa redio na mzee wa redio wa ofisi yetu ya mji wa Koboko. Nikiwa ofisi ya Arua, kikohozi chake nilikisikia kabla ya jina lake. Kisha fundi akaunganisha redio na kompyuta kwa waya na modemu, Arua na Koboko, na sauti zikageuka barua. Nilifurahi, mjinga mimi. Kila asubuhi niliandika: "Habari ya kikohozi?" Jibu lilitokea kwenye kioo, jina lake likiwa juu: "Afadhali, dada."

Wiki ya tatu nikapata lifti ya kwenda Koboko, nikambebea asali. Kwenye kiti chake nilimkuta mama nisiyemjua. Akaniambia mzee walishamzika, leo siku ya kumi na mbili.

Nikafoka: "Na aliyenijibu jana ni nani?"

"Ni mimi. Jina ya mzee iko ndani ya mashini, sijui kuitoa. Nilifikiri habari ya msiba ulipata. Na salamu, dada, mutu hawezi kuiacha bila jibu."

"Lakini uliniandikia kikohozi ni afadhali!"

Akanishangaa. "Sasa, kikohozi si ilikwisha?"