Siku Nilipomshika Mama Mkwe Kichwa

Nichekeni tu, nimeshazoea, maana siku hizi hata watoto wa kwetu Shinyalu wakiniona wanashika vichwa vyao na kukimbia. Ndiyo, mimi ndiye yule mkwe. Wacheni niwaambie mwenyewe ilivyokuwa, kabla hamjasikia kwa wale wanaoongeza chumvi.

Mama mkwe wangu, mamake Rispa mke wangu, alikuwa na kizunguzungu cha ajabu: mlango ukibamizwa tu, dunia inamzunguka, na siku moja jogoo aliwika karibu naye akaanguka na sufuria ya maharagwe. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa, naye akaacha kwenda kanisani kwa kuogopa ngoma za kwaya. Daktari wa masikio akasema lazima sikio la ndani lipigwe picha kwa ile eksirei kubwa inayozunguka kichwa, CT, ndipo ijulikane. Rispa ndiye angempeleka, lakini mtoto akaamka na homa, na mimi kwa kimbelembele changu nikasema, "Nitampeleka mimi, kwani kuna nini?"

Kuna nini! Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono. Tunasalimiana kwa mbali, kila mtu akiangalia pembeni. Kwa hivyo Kakamega mjini nilitembea mimi mbele, yeye nyuma, kama watu waliokosana. Pale hospitalini mama wa mapokezi akauliza, "Huyu mgonjwa ni nani wako?" Foleni ilikuwa ndefu na sikutaka maelezo mengi, nikajibu, "Mama yangu." Neno hilo tu, jamani.

Mpiga picha, msichana mchangamfu, akafurahi. "Aki vizuri! Mama akilala anasikia kizunguzungu, kwa hivyo ingia umshikie kichwa." Nikaona haya kukiri kwamba nimedanganya, na punde nikawa nimevishwa aproni nzito ya kuzuia miale, mama mkwe amelazwa kwenye kitanda chembamba, macho yamemtoka, mikono miwili imeshika kitambaa chake cha kichwani. "Mifupa ya sikio la ndani ni midogo sana," msichana akaeleza, "mama akitikisika hata kidogo, picha inaharibika." Akaenda nyuma ya kioo. Nikanyoosha mikono, mama akahepa kushoto. Nikamfuata, akahepa kulia.

"Mama, mbona unamkimbia mtoto wako?" msichana akaita. Halafu akarudi. "Na hicho kitambaa kina pini, chuma kitaharibu picha. Kijana, hebu mvue mama kitambaa."

Mama mkwe! Kichwa wazi! Mbele yangu! Nikaona heshima ni kufumba macho (msiniulize nilifikiria nini), nikaanza kupapasa, nikagusa kitu laini, nikadhani ni fundo, nikavuta. Lilikuwa sikio. Tena lile lile gonjwa.

"Wuui! Huyu si mtoto wangu! Ni mkwe! Mimi sishikwangi kichwa na mkwe!"

Foleni yote ikasikia. Nyanya mmoja akasukuma mlango, akanikuta na aproni yangu, macho bado nimefumba. "Mkwe? Ee Mungu wangu, toka huko!" Nikatoka mbio, aproni mwilini, nikapita katikati ya watu wanaocheka hadi machozi, mzee mmoja akipaza sauti, "Mpisheni, anatafuta kichwa kingine!" Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini aibu haikuniuma kama hofu: mama akikataa picha, atarudi nyumbani na kizunguzungu chake, na kosa litakuwa langu.

Basi yule nyanya akavishwa aproni nyingine, akamshikia kichwa, picha ikatoka safi. Daktari akatuonyesha (mimi nikiwa nimesimama mlangoni, bila shaka) kitundu kidogo kwenye mfupa wa sikio la ndani, ndicho kinachofanya sauti kubwa zimwangushe, na akasema kuna njia ya kumsaidia. Mama akajifuta machozi. "Kumbe sikurogwa," akasema polepole. Na mimi nikalia pale mlangoni, sioni haya kusema.

Jioni Rispa akauliza safari ilikuwaje. Mama mkwe, macho ukutani kama kawaida, akajibu, "Mume wako ana heshima kabisa. Akili ndiyo hana."

Mimi nimeapa: nikiulizwa tena mgonjwa ni nani wangu, nitataja ukoo mzima, hata foleni itoke Kakamega mjini ifike Lubao.