Sukuma ya Mgeni wa Heshima

Nikichoka huwa nakasirika, na miaka ile nilichoka kila siku ya Mungu. Siku za kazi nilikuwa karani katika ofisi moja mjini, nikipiga taipu mpaka vidole vinakufa ganzi. Jumamosi, badala ya kulala kama watu wenye akili zao, nilivaa raba na kwenda kuwatembeza vijana. Kanisani walikuwa wamesema vijana wa mitaa ya Eastlands wanahitaji kulelewa wawe viongozi. Wazee wakapiga makofi, halafu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu sikuwa na mume wala mtoto mgongoni. Nikasema sawa. Ukisema sawa mara moja kanisani, umekwisha.

Basi tukawa na kikundi cha matembezi. Wengine walitoka kwetu Umoja, wengine Baba Dogo, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwandani. Hatukuwa na vitabu wala mihadhara. Tulikwenda kwa miguu mpaka msitu wa Karura. Tulipanda basi hadi Ngong na kuikwea ile milima, tukachemsha chai kwenye mafiga ya mawe, tukanyeshewa tukarudi nyumbani tumelowa chapachapa. Niligundua kwamba mtu humjui akiwa ameketi kwenye benchi la kanisa. Mpandishe mlima kwanza, maji yamwishie, ndipo utajua nani anawafikiria wenzake na nani ni wa kupiga domo tu.

Tulikuwa na kanuni moja: mwenye mwendo wa polepole ndiye anayetangulia. Wavulana hawakuipenda hata kidogo. "Anti, hivi tutafika kesho," walilalamika. Nikawaambia anayetaka mbio aende uwanjani akashindane na mbwa. Nilikuwa nimeona matembezi ya makundi mengine, wenye nguvu wako mbele wanacheka, aliyechoka yuko nyuma peke yake analia, na hakuna hata mmoja anayejua. Mimi sikutaka upuuzi huo.

Aliyekuwa wa polepole kuliko wote ni msichana mmoja wa Baba Dogo, ambaye mguu wake wa kushoto ulipoozwa na polio alipokuwa mdogo. Kwa hiyo kila Jumamosi alitangulia yeye. Mwanzoni alikuwa akigeuka nyuma kila mara kutuomba msamaha kwa macho. Baadaye akaanza kuamua mambo. Tupumzike hapa. Tuvukie pale. Wewe mpokee mwenzako sufuria, huoni amechoka? Hakuwa na sauti kubwa, lakini wale wavulana wenye vifua walimsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi. Nilimpenda sana yule msichana, wacha niseme wazi. Nilipolala usiku na miguu inaniuma, nilijiambia, angalau huyu.

Mama yake alikuwa mjane. Walikuja kutoka magharibi baba alipopata kazi ya reli, na baba alipofariki wakabaki pale Baba Dogo katika chumba kimoja, mama, msichana na wadogo zake. Walichokula, na karo za wale wadogo, vyote vilitoka kwenye kishamba cha sukuma wiki kando ya kijito. Kulikuwa na akina mama wengi waliolima pale, wa kutoka magharibi na wa kutoka Ukambani, kila mmoja na matuta yake machache. Shamba halikuwa lao. Lilikuwa ukingo wa mto tu, mahali ambapo hakuna mwingine aliyepataka.

Juu kidogo ya mashamba hayo kulikuwa na kiwanda cha ngozi, na bomba lake lilimwaga uchafu mtoni. Kuna siku maji yalikuwa ya kijivu, kuna siku ya kahawia, na harufu yake ilikuingia mpaka kooni. Watoto walioyachezea walitoka vidonda miguuni. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa ameshazoea.

Siku moja tukirudi kutoka Karura, msichana yule akasimama penye lile bomba, nasi sote tukasimama nyuma yake. "Anti," akasema, "mbona tunakwenda mbali hivi kutazama maji safi, na haya yetu hatuyasemi?"

Basi matembezi yetu yakageuka. Jumamosi tukawa tunafuata kijito, kutoka juu ya kiwanda kushuka chini, vijana wakiteka maji kwenye chupa za soda. Tulimsumbua chifu mpaka akachoka nasi, akakubali kuitisha baraza na kumwalika DO, afisa mkuu wa tarafa, pamoja na bwana afya, yule mkaguzi wa mambo ya usafi. Kikundi kikamchagua msichana yule azungumze. Alifanya mazoezi kwetu sebuleni, akiwahutubia vikombe na birika, nami nikijifanya DO mwenye usingizi.

Siku ya baraza wageni walichelewa, kama ilivyo kawaida ya wageni wa aina hiyo. Jua lilituchoma uwanjani mpaka tukakoma. Walipofika tukaombewa, tukasalimiwa, chifu akajisifu, kisha msichana akaitwa mbele. Akaenda na mguu wake, taratibu, watu wote wakimtazama. Akainua chupa ya maji yaliyotekwa juu ya kiwanda. Akainua nyingine ya maji yaliyotekwa chini yake.

"Haya ndiyo maji yetu," akasema. "Vyura wamekufa. Watoto wanatoka vidonda. Haya maji ni sumu, na tunaomba bomba lile lifungwe."

Mtu wa kiwanda alikuwepo, amevaa tai, anajipangusa jasho. DO alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Ala! Nilitamani kupiga vigelegele. Uchovu wote uliniondoka, nikaona tumeshinda.

Halafu chifu akasema akina mama wanaomba kumsalimu mgeni.

Hatukuwa tumelipanga jambo hilo, na halikuhitaji kupangwa. Kwetu mgeni wa heshima haachwi aondoke mikono mitupu. Wale mama wa magharibi na wa Ukambani waligombana kuhusu kila kitu, kuanzia mipaka ya matuta hadi namna ya kupika maharagwe, lakini kwa hilo hawakuwahi kubishana. Wakaja wakiimba na kucheza, masinia vichwani. Walikuwa wamechuma alfajiri. Kulikuwa na kunde, mrenda, na sukuma zenye majani mapana ya kupendeza, zimeoshwa zikafungwa vizuri kwa kamba za migomba. Aliyetangulia alikuwa mama yake msichana, amejifunga leso yake ya sikukuu, uso unang'aa kwa fahari ya mwanawe. Akapiga goti kidogo, akampa DO fungu kubwa kuliko yote.

DO akapokea kwa mikono miwili. Bwana afya, aliyeketi kando yake, akainama mbele. "Mama, mboga nzuri sana hizi. Mmezilima wapi?"

"Hapo hapo mtoni, baba. Kwa mikono yetu."

"Na mnamwagilia maji gani?"

"Haya haya ya mto, baba," mama akajibu, bado anacheka.

Nilimtazama msichana. Bado alikuwa amesimama pale mbele, chupa mkononi. Alielewa kabla yangu, akaishusha ile chupa. DO akaliweka lile fungu chini ya kiti, akatoa leso yake nyeupe mfukoni, akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Kisha akasimama akahutubia. Akawasifu vijana. Akasema binti huyu amemfungua macho. Maji yale ni sumu, binti amethibitisha mbele ya umma, na kwa sumu hiyo zinalimwa mboga wanazouziwa wananchi sokoni. Kwa hiyo, kwa ajili ya afya ya umma, mboga zote za kando ya kijito zitafyekwa.

Na bomba? Suala la bomba litachunguzwa.

Litachunguzwa! Mpaka leo nikilisikia neno hilo redioni nazima redio. Nilisimama kusema, chifu akaniambia muda umekwisha, tufunge kwa maombi. Na tukafunga, tukainamisha vichwa kama kondoo, mtu wa kiwanda akiwa wa kwanza kusema amina.

Hakuna aliyemtukana msichana. Afadhali wangemtukana. Akina mama waliokuwa wakimwita mwanangu wakawa wanampita njiani kimya. Mmoja tu ndiye aliyefungua kinywa, tena aliniambia mimi, mbele ya bomba la maji ya kunywa, watu wakisikia: "Mwalimu wa vijana, kumbe Jumamosi zote zile mlikuwa mnafundishana kutuchongea."

Nikaanza kuzunguka maofisini. Saa ya chakula cha mchana badala ya kula nilikuwa kwenye benchi la mtu fulani, namngoja. Mkubwa yuko mkutanoni. Mkubwa ametoka. Rudi wiki ijayo, dada. Msichana alikuja nami mara nyingi, akipanda zile ngazi zote na mguu wake. Mara moja, tukishuka, aliniuliza kama ningemchagua mtu mwingine azungumze, ingekuwaje. Nikamwambia angesema vibaya zaidi, na mboga zingefyekwa vilevile. Akaguna. Watu huniuliza kama ninajuta kazi ile. Sijuti. Nimechoka tu, na uchovu ule haujawahi kuniisha, hata sasa ninapokaa Komarock na sina ninayemtembeza.

Vibarua wa kufyeka walikuja siku ya kazi, asubuhi. Nilidanganya ofisini kwamba naumwa, nikaenda. Vijana wetu walikuwa wamefika kabla yangu, wavulana wameshika mawe, macho mekundu. Akina mama walikuwa wamesimama ndani ya matuta yao, kila mmoja katika yake. Wengine walikuwa wanachuma haraka haraka, wanajaza leso, ingawa hakuna soko ambalo lingezinunua tena mboga zile baada ya maneno ya DO. Bomba lilikuwa linamwaga kama kawaida, siku hiyo maji ya kijivu.

Bwana afya alitangulia, vibarua nyuma yake na slasha zao, zile panga ndefu za kufyekea. Msichana akashuka kumlaki, akiteleza kwenye tope, akakataa mkono niliompa. Aliwapita wavulana akawaambia, "Tupeni hayo mawe. Mtapigwa, nyinyi pamoja na mama zenu." Mmoja akabisha. Alimtazama tu, na jiwe likaanguka.

Bwana afya akamtambua. Nadhani hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alimsalimia kwa adabu, akamwita binti, akasema kazi ni kazi. Kisha akashusha sauti, lakini tuliokuwa karibu tulisikia: "Shamba la mama yako ni lipi? Nionyeshe, tutaliruka. Wewe umetusaidia."

Mama yake alikuwa hatua chache tu kutoka pale, gambuti za mpira zimezama topeni, mikono imejaa sukuma. Alisikia. Niliona jinsi alivyomtazama mwanawe. Kulikuwa na wale wadogo, kulikuwa na karo, kulikuwa na chakula cha jioni ile ile. Akina mama wengine nao walisikia, wakaacha kuchuma.

Msichana akageuka, akaenda taratibu kwenye matuta ya mama yake, akasimama kando.

"Ni hili," akasema. "Anzeni na hili."

Yule mama aliyenitukana penye bomba la maji akaanza kulia kwa sauti. Mama yake msichana hakulia. Alitoka kwenye tuta, akamwekea mwanawe zile sukuma mikononi, akaenda kusimama na wenzake. Kibarua akatemea viganja, akainua slasha.

Miaka yote ile nilikuwa nikitafuta kiongozi, milimani, msituni, kwenye mvua, na hapo nilikuwa nimempata. Na haki ya Mungu, saa ile ningempa mtu yeyote chochote nilichokuwa nacho ili msichana yule awe tu mtoto wa mama yake, aseme, lirukeni hili, tafadhali, hili ni letu.